Vimeng'enya na mishipa ya damu kwenye ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila siku, mtu ametoka kliniki kaambiwa presha imepanda, au kashika karatasi ya maabara yenye herufi tatu tatu hazielewi, au dada yake alipata kifafa cha mimba na yeye sasa ana miezi miwili. Nimeyapanga kutoka yale ya mwanzo kabisa mpaka yale ya nadra, na nimeyapa namba ili pale jibu linapogusa jambo lingine nikuelekeze badala ya kurudia.

Kitu kimoja kabla hujaendelea. Kama una mimba ya zaidi ya wiki 20 au umejifungua karibuni na kichwa kinauma hakitulii, unaona nyota nyota au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono imevimba ghafla, acha kusoma nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

## Mambo ya msingi

1. Kimeng'enya ni nini na kinahusiana nini na mishipa yangu ya damu?

Kimeng'enya, au enzaimu kama wengine mnavyoita, ni protini inayofanya mabadiliko ya kikemia mwilini yaende haraka bila yenyewe kuisha. Wengi tulijifunza shuleni vile vya kusaga chakula tu, vya mate na vya tumbo, tukadhani hadithi inaishia hapo, kumbe kuna maelfu yao na vingine vinaishi kwenye ukuta wa mishipa ya damu.

Ndani ya kila mshipa kuna tabaka la seli moja tu kwa unene linalogusana na damu moja kwa moja. Seli hizo ndo zinaamua mshipa utanuke au ubane, damu igande au isigande, na zinaamua kwa kutengeneza kemikali kwa kutumia vimeng'enya. Ukibeba mimba kazi ya hilo tabaka inaongezeka sana. Sasa karibu kila tatizo la presha kwenye ujauzito ukilifuatilia mpaka mwisho unafika kwenye tabaka hilo.

2. Presha yangu imeshuka tangu nipate mimba, ni kawaida?

Kwa wengi ni kawaida. Damu inaongezeka mwilini kwa asilimia 40 hadi 50, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa dakika, kwa hiyo ungetegemea presha ipande, lakini inashuka, na inakuwa chini zaidi katikati ya ujauzito halafu inarudi taratibu kuelekea kujifungua. Inashuka kwa sababu mishipa imelegea na kutanuka kuliko ongezeko la damu lenyewe. Maswali ya 3 mpaka 5 yanaeleza nani anailegeza.

Ila hapa kuna mtego. Mama aliyekuwa na presha ya juu bila kujua akianza kliniki mwezi wa tano anaweza kupimwa akakutwa yuko sawa kabisa, kumbe ni ule mshuko wa katikati umeificha. Ndo maana kipimo cha miezi mitatu ya kwanza kina thamani kubwa, kinaonyesha ulianzia wapi.

3. Naitriki oksaidi ni nini, kila mahali naisoma?

Ni gesi. Inatengenezwa na seli za ukuta wa ndani wa mshipa, kimeng'enya kinachofanya hiyo kazi kinaandikwa kwa kifupi eNOS. Kinachukua asidi amino inaitwa ajinini, tunaipata kwenye karanga, maharage, nyama, samaki na mwili pia unaitengeneza, kinaichanganya na oksijeni, gesi inatoka. Gesi inapenya mpaka kwenye msuli wa mshipa, inaamsha kimeng'enya kingine kinachotengeneza kemikali inaitwa cGMP, msuli unalegea, mshipa unatanuka. Halafu kuna kimeng'enya cha tatu, PDE5, kazi yake ni kuivunja ile cGMP ili mshipa usilegee milele.

Kwenye ujauzito eNOS inaongezewa kasi na homoni ya estrojeni, na pia na damu yenyewe inayopita kwa wingi ikisugua ukuta wa mshipa. Ugunduzi kwamba gesi ndo inatuma ujumbe kwenye mishipa uliwapa Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998, na mpaka leo utafiti mwingi wa presha ya ujauzito unapita humo.

Kuna jambo moja watu hawalisemi sana na mimi naona ndo kiini. eNOS inahitaji msaidizi anaitwa BH4, akipungua au ajinini ikipungua kimeng'enya hakisimami, kinaendelea kufanya kazi lakini kinatoa kitu kingine, oksijeni chokozi inayoharibu seli na kuila ile naitriki oksaidi iliyobaki. Yaani kimeng'enya kilekile kilichokuwa kinalinda mshipa kinaanza kuudhuru. Kumbuka hili ukifika swali la 10 na la 11.

4. Kuna kinachosaidia zaidi ya hiyo gesi?

Kipo. Kuna vimeng'enya vinaitwa COX, viko viwili, COX-1 na COX-2. Kwenye ukuta wa mshipa kazi yao inaishia kwenye prostasaiklini, inayotanua mshipa na kuzuia damu kuganda. Kwenye chembe sahani, zile chembe za kugandisha damu, inaishia kwenye thromboksani ambayo inafanya kinyume chake kabisa, inabana mshipa na kugandisha. Ujauzito mzuri prostasaiklini inatawala. Ujauzito wenye kifafa cha mimba (kwa jina hili namaanisha ugonjwa wote, kuanzia presha mpaka degedege) mizani inaelemea thromboksani, na hapo ndo aspirini inapoingilia, nimeieleza swali la 15.

5. Figo si ndo zinatoa kitu cha kupandisha presha? Kwenye mimba kinaenda wapi?

Hakiendi popote, tena kinaongezeka. Figo zinatoa kimeng'enya kinaitwa renini, na wakati wa ujauzito ovari na kizazi navyo vinatoa. Renini inaanzisha mnyororo, kimeng'enya kingine kinaitwa ACE kinamalizia, inapatikana anjiotensini II ambayo kwa mtu wa kawaida inabana mishipa vibaya sana.

Mama mwenye ujauzito mzuri anakuwa nayo nyingi damuni lakini mishipa yake haiisikilizi. Mwaka 1973 madaktari wa Dallas, Marekani, wakiongozwa na Gant, waliwachoma mabinti wa mimba ya kwanza kiasi kidogo cha anjiotensini II kwa nyakati tofauti za ujauzito, wakaona wale waliokuja kupata presha walikuwa wameanza kupoteza huo ukinzani wiki nyingi kabla presha haijapanda. Mashine ilikuwa inasoma sawa, mshipa tayari umeshabadilika.

Kuna pia kimeng'enya pacha, ACE2, kinachoichukua anjiotensini II na kuigeuza kuwa kemikali inayotanua mshipa. Ndicho kilekile kirusi cha korona kinachokitumia kama mlango wa kuingilia kwenye seli.

6. Mishipa ya kwenye kizazi yenyewe inabadilikaje?

Hii sehemu naipenda kuliko zote, nivumilie kidogo.

Kwenye ukuta wa kizazi kuna ateri ndogo zilizojisokota zinazopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Kabla ya mimba ni nyembamba na zina msuli unaobana na kuachia. Mimba ikishika, seli za kondo zinaingia ndani ya ukuta wa kizazi mpaka kwenye hizo ateri na kuzijenga upya, msuli unaondolewa, mdomo wa ateri unatanuka mara kadhaa, na kwa kuwa msuli haupo hakuna homoni wala hasira wala baridi inayoweza kuzibana tena. Damu ya mama inafika kizazini kwa nguvu lakini kwenye kondo inaingia taratibu, kama Rufiji unavyotanuka na kupunguza kasi ukikaribia bahari. Damu inayokwenda kizazini inatoka chini ya mililita 100 kwa dakika mpaka kupita 500 mwisho wa ujauzito.

Ili seli za kondo zipite lazima zikate njia, na zinakata kwa vimeng'enya vinaitwa MMP, hasa MMP-2 na MMP-9, vinavyoyeyusha kolajeni na nyuzi nyingine zinazoshikilia tishu. Vinahitaji madini ya zinki ili vifanye kazi. Mama naye anatoa vizuizi vyake ili kondo lisichimbe kupita kiasi. Kizazi pia kina kimeng'enya kinaitwa korini, mwaka 2012 watafiti walionyesha panya wasio nacho kizazini ateri zao hazijengwi vizuri na wanapata presha wakiwa na mimba.

Kazi hii yote inaanza miezi mitatu ya kwanza na inakuwa imekamilika kwenye wiki ya 20 hivi, yaani wakati ambao wengi bado hamjaanza hata kliniki.

## Mambo yanapoharibika

7. Kifafa cha mimba kinasababishwa na nini?

Kwa wengi, hasa kile kinachokuja mapema kabla ya wiki ya 34, mzizi uko swali la 6. Seli za kondo haziingii vya kutosha, ateri zinabaki nyembamba na msuli wake, damu inaingia kwa msukumo mkali na kwa vipindi, kondo linakosa oksijeni linaanza kuumia. Lakini kinachokuja mwishoni mwa ujauzito mara nyingi kina sura nyingine, kondo lilikuwa zuri tu ila limezidiwa, au mishipa ya mama ilikuwa na shida tangu zamani kwa unene, kisukari, presha au figo.

Kitaalamu tunaanza kuhesabu presha ikifika 140/90 au zaidi baada ya wiki 20 kwa mtu ambaye hakuwa nayo, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba figo, ini, damu, ubongo au kondo limeguswa. Duniani inawapata kama wajawazito 2 hadi 8 katika kila 100. Degedege zenyewe ni hatua ya mwisho.

Na kwa wanaoniuliza kama ni mashetani, jibu langu ni hapana, na nalijibu kwa uzito kwa sababu kuna wanawake wamefia njiani kwa mganga wakati dawa ya sindano ipo hospitali. Muombee mgonjwa, mkiwa kwenye gari mnaelekea hospitali.

8. Kama shida iko kwenye kondo, mbona kinachoumia ni kichwa, ini na figo?

Kwa sababu kondo lililokosa oksijeni linamwaga vitu kwenye damu ya mama. Maarufu zaidi kinaitwa sFlt-1, sio kimeng'enya, ni kipande cha protini kinachozunguka na kuzinasa homoni za ukuaji zinazotunza ukuta wa ndani wa mishipa. Kundi la Karumanchi kule Boston lilikieleza mwaka 2003, walipowapa panya wenye mimba hicho kitu peke yake walipata presha na protini kwenye mkojo.

Homoni hizo zikinaswa, eNOS haiamshwi, naitriki oksaidi inapungua, prostasaiklini inapungua, mishipa inabana mwili mzima na inaanza kuvujisha maji. Figo zikiguswa unaona protini kwenye mkojo, ini likiguswa unasikia maumivu chini ya mbavu, ubongo ukiguswa ni kichwa na macho na mwisho degedege.

Hospitali chache kubwa zina kipimo cha damu kinacholinganisha sFlt-1 na homoni ya kondo inaitwa PlGF. Uwiano ukiwa 38 au chini, uwezekano wa kupata kifafa cha mimba ndani ya wiki moja ni mdogo sana. Kama hospitali yako haina, usihangaike, mashine ya presha na kipimo cha mkojo bado ndo vinaokoa watu wengi.

9. Presha yangu nzuri lakini wanasema mtoto ni mdogo kwa wiki zake, inawezekana chanzo ni mishipa?

Ndiyo. Ateri za swali la 6 zinaweza kushindwa kujengwa na mama asipate presha kabisa, anayeumia anakuwa mtoto tu. Utapimwa kwa ultrasaundi ya dopla inayosoma damu inavyopita kwenye kamba ya kitovu, na ratiba yako ya kliniki itakuwa ya karibu karibu.

10. Nina kisukari, kwa nini wananifuatilia sana presha?

Sukari nyingi kwenye damu inafanya seli za ukuta wa mshipa zitoe oksijeni chokozi kwa wingi, hiyo inaila naitriki oksaidi na kumharibu yule BH4 wa swali la 3, eNOS inageuka. Kwa hiyo ukirekebisha sukari unakuwa unaitunza mishipa pia, na mimi ningependa wanaokwenda kliniki ya kisukari waambiwe hivyo wazi, kwa sababu wengi wanadhani lengo ni mtoto asiwe mkubwa tu.

11. Nina selimundu na nina mimba. Naambiwa niko kwenye hatari zaidi, kwa nini?

Ni kweli, na sababu inagusa vimeng'enya moja kwa moja. Chembe nyekundu za selimundu zinapasuka kirahisi, zikipasuka zinamwaga vitu viwili vibaya kwa pamoja. Cha kwanza ni hemoglobini huru inayoinyonya naitriki oksaidi palepale, cha pili ni kimeng'enya kinaitwa ajinesi ambacho kinaivunja ile ajinini eNOS inayoitegemea. Gesi iliyopo inaliwa na malighafi ya kutengenezea nyingine inaliwa, zote mara moja.

Tanzania, Uganda, Kongo na magharibi ya Kenya selimundu ni nyingi, kwa hiyo hili sio swali la watu wachache. Anza kliniki mapema mno, mwambie mhudumu una selimundu hata kama haulizi, na uliza kuhusu aspirini ya swali la 15. Malaria nayo inapasua chembe nyekundu na kujazana kwenye kondo, chandarua na zile dozi za SP kliniki msizidharau, ila kama unatumia kotrimoksazoli usichanganye na SP.

## Karatasi ya maabara

12. ALP yangu imepanda sana, ini limeharibika?

ALP ni kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu kuangalia ini. Kwenye miezi mitatu ya mwisho kupanda kwake ni kawaida kabisa, inaweza kuwa mara mbili ya kawaida au zaidi, kwa sababu kondo la nyuma linatengeneza ALP yake lenyewe. Kama ALT na AST, vimeng'enya vingine vinavyoangalia ini, ziko sawa na hauwashwi mwili, daktari hataangaika nayo sana. Ukiwashwa hasa viganja na nyayo usiku, hiyo ni habari nyingine, omba wapime asidi za nyongo.

13. Na ALT na AST?

Hizi mbili ujauzito wenyewe hauzipandishi, zikipanda lazima itafutwe sababu. Ni vimeng'enya vinavyotakiwa kukaa ndani ya seli, ukivikuta kwa wingi kwenye damu maana yake seli zimevunjika. Kwa hiyo tofauti na vile vya swali la 3 mpaka 6, hivi havikubani mishipa, vinatoa taarifa tu kwamba kuna mahali pameumia.

Zikipanda pamoja na chembe sahani kushuka chini ya 100,000 na LDH, kimeng'enya kingine cha ndani ya seli, kupanda, hiyo inaitwa HELLP, jina alilolitoa Weinstein mwaka 1982, na ni dharura. Presha inaweza isiwe ya kutisha kabisa, mama analalamika tumbo la juu na kutapika, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo anarudishwa nyumbani. Mimba kubwa ikiwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, dai upimwe presha, mkojo na damu kabla ya kupokea dawa ya asidi.

14. Mkojo una protini alama moja, nina kifafa cha mimba?

Sio lazima. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo au ute uliochanganyika. Watarudia na mkojo safi wa katikati na wataangalia presha.

## Dawa, vyakula na mengine ya kumeza

15. Kwa nini nimepewa aspirini wakati mimi siumwi chochote?

Rudi swali la 4 kidogo. Aspirini inakifunga kimeng'enya cha COX moja kwa moja hakifunguki tena. Seli za ukuta wa mshipa zina kiini, zinatengeneza COX mpya, prostasaiklini inarudi. Chembe sahani hazina kiini, ikifungwa imefungwa mpaka chembe hiyo ife baada ya siku 7 hadi 10. Kwa hiyo dozi ndogo ya kila siku inaizima thromboksani na kuiachia prostasaiklini, na hapo mizani inarudi upande wa kutanua. Ni ujanja mzuri sana kwa dawa ya bei rahisi kiasi kile.

Utafiti ulioitwa ASPRE wa mwaka 2017 uliwapa wanawake wa hatari kubwa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36, waliopata kifafa cha mimba cha kabla ya kutimiza wiki 37 walikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwingine wa mwaka 2020 uliowahusisha karibu wanawake 12,000 wa mimba ya kwanza, wakiwemo wa Kenya na Kongo, ulitumia miligramu 81 na watoto njiti walipungua. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 75 kwa walio kwenye hatari na ianze kabla ya wiki ya 20.

Walio kwenye hatari ni aliyewahi kupata, mwenye presha ya siku zote, kisukari, figo, lupasi, mapacha. Mimba ya kwanza, unene, umri wa miaka 35 na zaidi au mama yako kuwahi kupata, vikikutana viwili hivi navyo vinahesabika. Usijianzishie mwenyewe duka la dawa, lakini pia usikae kimya, uliza. Ukianza mwezi wa saba faida imeshapita kwa sehemu kubwa, ateri zilishajengwa.

16. Kama aspirini ni salama, mbona Brufen na diklofenaki wanatukataza?

Zote zinagusa COX lakini dozi na matokeo ni tofauti. Mtoto tumboni hapumui kwa mapafu, kuna mshipa maalumu kati ya ateri ya mapafu na ateri kuu unaopitisha damu pembeni, na unabaki wazi kwa sababu ya prostaglandini zinazotengenezwa na COX. Ukimeza dawa hizi kwa dozi ya maumivu mwishoni mwa ujauzito, mshipa ule unaweza kufunga kabla ya wakati. Pia zinapunguza kazi ya figo za mtoto na maji ya uzazi yanakauka, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2020 zisitumike kuanzia wiki ya 20 bila daktari kuamua. Kwa maumivu ya kawaida ni paracetamol.

17. Nilikuwa natumia enalapril kabla ya mimba, niendelee?

Hapana, na hapa sina maneno ya kupamba. Enalapril, kaptopril, lisinopril zinazuia kimeng'enya cha ACE, losartan na ndugu zake zinazuia anjiotensini II isishike. Figo za mtoto zinaihitaji anjiotensini ili zikue na kufanya kazi, dawa hizi zinaweza kuziua figo hizo na kukausha maji ya uzazi. Lakini usiache ghafla ukakaa bila dawa, nenda siku hiyohiyo ubadilishiwe, zinazotumika sana ni methyldopa, nifedipine na labetalol. Kama unapanga kubeba mimba sema mapema.

18. Vidonge vya kalsiamu vinahusikaje?

Kalsiamu ikiwa chini kwenye chakula, mwili unatoa homoni zinazoingiza kalsiamu ndani ya msuli wa mshipa na msuli unabana, na figo zinatoa renini zaidi. Chakula chetu sehemu nyingi kina kalsiamu kidogo, ndo maana Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ambavyo ni vidonge vikubwa vitatu na wengi mnavichoka. Habari njema ni utafiti uliotoka mwaka 2024, wanawake 11,000 Dar es Salaam na 11,000 India, ukaonyesha miligramu 500 haikuwa nyuma ya 1,500 katika kuzuia kifafa cha mimba. Usimeze pamoja na vidonge vya damu, vinazuiana, tenganisha kwa masaa.

19. Nimesoma Viagra inatanua mishipa, inaweza kumsaidia mtoto aliyedumaa tumboni?

Wazo lilikuwa na mantiki, Viagra inazuia PDE5 ya swali la 3. Ikajaribiwa. Uholanzi walisimamisha utafiti huo mwaka 2018 baada ya watoto wa kundi la dawa kuzaliwa na shida ya mishipa ya mapafu na baadhi kufariki. Usijaribu.

20. Juisi ya bitiruti na choya vipi?

Bitiruti ina naitreti nyingi, bakteria wa kwenye ulimi wanaigeuza, mwisho mwili unapata naitriki oksaidi bila kupitia eNOS kabisa. Kwa hiyo inaweza kushusha presha kidogo, kidogo kweli. Kunywa kama chakula, mwenye kisukari aangalie sukari yake. Kwamba inaongeza damu sana kama tunavyoambiana, hapana, madini yake ya chuma ni machache.

Choya nayo inashusha presha kiasi na maabara zimeona inazuia ACE, na kwa sababu ya swali la 17 mimi siwezi kumshauri mjamzito anywe kila siku kama dawa. Hakuna juisi ya kuchukua nafasi ya methyldopa.

21. Ile sindano ya magnesiamu inafanya kazi kwenye vimeng'enya hivyo?

Kazi yake kubwa ni kuzuia degedege, sio kushusha presha. Utafiti wa Magpie wa 2002, wanawake zaidi ya 10,000 nchi 33, ulionyesha inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Utasikia joto kali mwilini ukichomwa, ni kawaida, watakuwa wanaangalia upumuaji na mkojo wako.

## Maswali ya pembeni

22. Inawezekana kupata presha ya ujauzito kabla ya wiki 20?

Ikitokea, lazima ifikiriwe mimba zabibu, ile ambayo kondo linakua ovyo bila mtoto. Hii ndo ilitufundisha kwamba chanzo ni kondo na sio mtoto, maana mtoto hayupo na ugonjwa unakuja vilevile, na kondo likitolewa unaondoka.

23. Mume wangu anahusika kwa lolote?

Anahusika. Kondo linajengwa kwa jeni za baba pia, vikiwemo vimeng'enya vyake. Utafiti wa Utah uliona wanaume waliozaliwa na mama aliyepata kifafa cha mimba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa wake zao kukipata. Kwa hiyo wifi na mama mkwe wasimtupie mwanamke lawama peke yake, wao waulizwe historia ya ukoo wao.

24. Nimeshajifungua, mbona presha ndo imepanda?

Kondo likitoka sFlt-1 inashuka kwa siku chache, lakini ukuta wa mishipa haujapona siku hiyohiyo, na maji yaliyokuwa kwenye miguu yanarudi kwenye damu. Presha kwa kawaida inafika juu zaidi siku ya 3 hadi ya 6, wakati umesharuhusiwa uko nyumbani unakandwa na maji ya moto na wageni wamejaa. Degedege zinaweza kuja mpaka wiki sita. Pimwa presha ndani ya wiki ya kwanza, zahanati yoyote, hata duka la dawa lenye mashine. Na enalapril iliyokatazwa swali la 17 sasa inaruhusiwa kwa wengi wanaonyonyesha, kwa hiyo usishtuke ukipewa.

25. Mimba ijayo itakuwaje, na mimi mwenyewe baadaye?

Wengi hawapati tena, lakini uwezekano wako ni mkubwa kuliko wa mtu ambaye hakuwahi, na unaongezeka kama ya kwanza ilikuja mapema kabla ya wiki ya 34. Nenda kliniki mara tu ukikosa siku zako, sema ilikuwaje, aspirini ianze kwenye wiki ya 12.

Upande wako mwenyewe, aliyewahi kupata kifafa cha mimba ana hatari kama mara mbili ya ugonjwa wa moyo na kiharusi miaka ya mbele. Pima presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka hata ukiwa huumwi, na ukifika kwa daktari ukiwa na miaka 45 unaumwa kifua, mtajie ile mimba, kwa sababu kwenye fomu zao mara nyingi hilo swali halipo.